Kwa Nini Mithu Aliacha Kusoma Habari

Benchi la Bishu muuza chai limeegemea ukuta wa nyumba kuukuu kaskazini mwa Kolkata, na wanaolikalia wana majina ambayo mama zao hawakuwapa. Jioni hiyo walikuwa watatu. Profesa, aliyefeli mtihani wa chuo mara tatu. Goalkipa, ambaye siku hizi kitambi chake kingetosha kuziba goli. Na Kondakta, mstaafu wa tramu, aliyeshika kikombe cha udongo bila kunywa. Saa kumi na mbili klabu ya mtaa ingeonyesha filamu ya binti yake, Mithu. Mithu alisoma habari kwenye televisheni miaka tisa, majirani wakijazana dirishani kwa Kondakta kumtazama. Kisha akaacha, akabeba kamera kwenda kupiga filamu za maisha ya watu. Baba akasusa, na kijiwe kizima kikasusa naye, kwa heshima. Mwaka wa saba huu hajatazama hata moja. Leo alikuwa hajui aende au asiende.

— Alitabasamu, — Profesa alianza. — Siku timu ya kwao, ya walaji wa samaki hilsa, ilipopigwa tano, akasoma matokeo meno nje. Mtoto wa nyumba ya hilsa!

— Acha uzushi wewe! — Goalkipa akamkata. — Alipiga chafya. Kataja jina la waziri, chafya hiyo!

— Chafya ndiyo imkoseshe mtu kazi?

— Moja tu, bwana! Moja ni mkosi, na waziri alikuwa anasafiri kesho yake. Angepiga ya pili angesalimika.

Bishu alimimina chai akicheka.

— Wote mmepotea. Mithu hajaacha. Yule anayesoma sasa ndiye yeye, wamembadilisha sura.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mwenda pole hajikwai, — alisema Profesa.

— Inahusu nini hapo?

— Methali haihojiwi. Inaheshimiwa.

— Aliacha kwa sababu ni mkaidi! — Kondakta alifoka. — Nilimwambia, mwanangu, tulia kwenye kiti, kiti chenye taa! Akanijibu, baba, nimechoka kusoma habari za watu nisiowahi kuwaona.

— Ukaidi huo kaurithi kwa nani, mzee? — Bishu aliuliza, na benchi zima likaangua kicheko. Kondakta hakucheka.

Hapo akatokea binti mmoja, vumbi miguuni, ana spika za masikioni zikining'inia shingoni.

— Shikamooni wazee. Mimi ndiye ninayerekodi sauti kwenye filamu za Mithu. Klabuni kumejaa, viti vimekwisha. Tunaomba benchi hili.

— Marahaba, — walijibu.

— Nimewasikia toka kona ile mkimzungumzia. Katika filamu zake, ipi imewagusa zaidi?

Profesa alitafuta methali, akaikosa. Goalkipa akakagua kandambili zake. Bishu akatikisa birika, likawa jepesi.

— Chai imekwisha, — alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza hilo.

Kondakta aliona aibu. Miaka saba amemwita binti yake mpotevu, na hajui hata alipotelea wapi. Alikivunja kikombe chake cha udongo ndani ya pipa, kama ilivyo desturi, akasimama, akashika ncha moja ya benchi huku wenzake bado wamelikalia.

— Inukeni! Hamjasikia benchi linatakiwa?

— Mzee mwenzangu, — Goalkipa alimchokoza, — mlangoni wanadai kadi ya mwaliko. Wewe unayo?

Kondakta alitia mkono mfuko wa shati, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho. Ilikuwa humo tangu asubuhi.

— Miaka thelathini na nne nimeshusha watu kwenye tramu kwa kukosa tiketi, — alisema. — Leo mimi nipande bure? Shika upande huo, mvivu wewe, twende. Tutachelewa mwanzo.