Mita Mbili Zilizopotea

Ndani ya basi la umeme mjini Ruse, Ognyan alimsikia mthamini wa nyumba akimlalamikia bikizee aliyeketi naye.

"Benki imenituma nikadirie bei. Kwa nje nyumba ina mita kumi na mbili, kwa ndani kumi. Nimepima mara tatu, bibi!"

"Ile ya geti la buluu, Mtaa wa Mierebi?"

"Umejuaje? Nyuma kuna ukuta tu, hauna mlango."

"Kwako wewe mpimaji hauna, mwanangu. Kwa wanunuzi hufunguka."

Wanunuzi walikuwa Ognyan na mkewe, na wakati huo mkewe alikuwa humo akipima madirisha kwa ajili ya mapazia. Ognyan akampigia simu.

"Ogi, njoo uone! Kumbe kuna chumba kingine!"

"Usiingie!"

"Nimeshaingia."

Basi likasimama. Bikizee akampisha Ognyan apite, bila kumtazama usoni.