Karamu ya Kumrudisha Saleha

Zama hizo za Mwingereza, Idi Kubwa imeshapiga hodi, benchi la kahawa la Utende, pale ufukweni, lilikuwa na kesi moja tu: Muhidini atawalisha nini ndugu zake. Idi iliyopita kila mtu alitia kasoro. Huyu chumvi, yule tui zito. Mkewe Saleha, aliyepika peke yake tangu alfajiri, akachukua kanga zake akavukia kwao, kisiwani Chole. Hajarudi. Muhidini kaapa: safari hii hanung'uniki mtu, na Saleha atarudi nyumbani. Upweke ulimuuma, kwa nini tufiche?

— Mama hana meno, alianza. Ami Tahir pweza hamgusi. Abeid ana ugonjwa wa sukari, daktari kamkataza wali. Nipike nini?

Shaibu alikuwa wa kwanza kujibu. Walimwita Bwana Shauri, kama wamwitavyo DC, maana alitoa hukumu hata asipoulizwa.

— Chinja mbuzi. Ila anayezurura usimnunue. Wahenga wamesema, kibaya chajitembeza. Tafuta aliyelala.

— Aliyelala si mgonjwa huyo? Hafai kuchinjwa Idi! alidakia Kombo, mpishi wa pilau za harusi. We Muhidini, mwaga tui juu ya kila kitu. Tahir atamjuaje pweza?

— Na mikia yote ile? akauliza Muhidini.

— Basi zima kandili, akasema Bwana Shauri. Wale gizani. Jicho ndilo lichagualo, tumbo maskini halina neno.

— Na miiba ya samaki je?

— Mvumilivu hula mbivu!

Muhidini akapiga goti lake kofi.

— Basi! Mama, ndizi za kuponda. Ami, mbuzi. Abeid, samaki wa kuchoma na mchicha. Wengine pilau. Kombo utapika wewe, nami nitachochea moto mwenyewe.

Hapo akatokea Mize, mdogo wake Saleha, ametoka kushuka mashuani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji, salamu zako za karamu dada kazipata. Kanituma nije nisikie umepanga nini.

Muhidini akamtajia karamu nzima, kifua mbele, hakuruka mtu. Mize akasikiliza mpaka mwisho.

— Na dada mwenyewe, anapenda kula nini?

Miaka yote Muhidini alimwona Saleha akipakua. Kula, alikula jikoni, wageni wakishanawa, chochote kilichobaki. Akamgeukia Bwana Shauri.

— Wewe, mkeo anapenda nini?

Bwana Shauri akaomba kahawa nyingine. Kombo naye akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na miguuni alikuwa na makubazi.

Aibu ilimchoma Muhidini, lakini alisimama.

— Kombo, usinunue kitu bado. Mize, mashua inarudi saa ngapi?

— Sasa hivi. Unakwenda kumchukua?

— Nakwenda kumuuliza, akasema Muhidini, akikunja kanzu yake aingie majini. Na nitangoja anijibu.