Ziwa la Unalina Lilivyomwagika

Wasikilizaji wapendwa, Unalina hatunaye. Mama wa samaki wakavu, mwenye lile ziwa nyuma ya vilima, tulimzika jana. Ziwa lake lilitangulia.

Nimezurura pwani hii yote, nimelala katika mahema ya watu wengi. Sijaonja samaki watamu kama wa ziwa lile. Maziwa yetu mnayajua, yamekalia barafu ya kale. Baridi kuu ya zamani iliizika ardhini. Joto likaja, barafu ikayeyuka kidogo, ardhi ikadidimia, maji yakajaa. Ukingo wa ziwa la Unalina ulikuwa barafu hiyohiyo, imefunikwa na majani teketeke tu. Ukiyachuna, umelifungulia ziwa mlango.

Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa baada yake, naye marehemu hurudi nalo. Dennis, mpwa wake Unalina, alipewa jina la Kaglik, baba yake Unalina. Basi Unalina alimwita baba tangu yuko kwenye nepi. Na mtoto alijua kulitumia jina hilo.

"Mwanangu, leta mkate wa kukaanga," Dennis alikuwa akimwagiza.

"Baba, si umeumaliza wote!"

"Unamnyima baba yako?"

Na baba hakaripiwi.

Kiangazi cha mwaka juzi, kampuni moja ya barabara ilimchukua Dennis aiongoze njia. Unalina akamwonyesha ukingo ulipo mwembamba, ili mitambo ipaepuke, au ingoje ardhi igande. Alimwonyesha yeye peke yake. Dennis akaipitisha palepale. Palikuwa njia ya mkato.

"Tingatinga moja tu, mwanangu," Dennis alimwambia Unalina.

Persis, mama yake Dennis, anakumbuka: "Dada yangu alitazama zile alama za minyororo ya tingatinga, akaingia ndani, akalala mchana kweupe."

Kiangazi kilichofuata alama zikawa mtaro, mtaro ukawa mto. Ziwa zima likamwagikia baharini. Samaki walirukaruka topeni, kunguru wakashiba.

Dennis akaja, kichwa chini. "Mwanangu, nisamehe."

"Kaa, Dennis," Unalina akasema.

Dennis! Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Persis anasema mwanawe alitoka nje bila kofia.

Na kabla ya kukata roho, Unalina alimwachia dada yake neno moja: "Jina langu lisiende nyumbani kwake."

Pole zetu kwako, Persis, na kwa kila nyumba iliyokula samaki wa Unalina. Nawe unayeendesha mtambo, tafakari kilicho chini ya majani kabla hujayakanyaga.

Mke wa Dennis alijifungua jana, tukitoka makaburini. Ni msichana. Mpaka naingia studioni, walikuwa wanamwita mtoto tu.