Ondoeni Nailoni Kwanza

Allal, acha kuchungulia shamba, njoo ukae. Rahma, niinulie mto, kifua kimenibana. Na wewe Faqihi, najua umekuja kunisomea, Mungu akulipe, lakini funga kitabu kidogo, maana leo nina haja ya masikio yako kuliko sauti yako. Sikilizeni wanangu, na asinikatize mtu, pumzi iliyobaki haitoshi kwa mabishano.

Siku tatu sasa mvua haijanyamaza, na ukungu umeteremka kutoka kwenye mierezi hadi kizingitini mwetu. Asubuhi hii nikiwa nimelala hapa nikasikia sauti ambayo sijaisikia kwa miaka sita, mvua ikigonga nailoni. Nikamuuliza Rahma, naye, maskini, akanijibu kwa furaha kwamba Allal amefunika shamba zima tangu jana, kila shina la bangi, na amefunga ncha kwa kamba hadi chini. Akasema, "Usiwe na wasiwasi mama, safari hii hatufanyi kosa la Fadma." Mwanangu, ugonjwa huu haujaniuma kama yalivyoniuma maneno hayo.

Mke wa kaka yenu hakukosa. Niliyekosa ni mimi, Yamna, mama yenu. Faqihi, andika, na ukiandika vibaya nitakuja kukudai huko mbele.

Mnaikumbuka bangi ya marehemu baba yenu, ile beldia ya asili, tuliyoimwaga kama shayiri, ikaota imesongamana na kumfika mtu kiunoni. Tuliikata Agosti, jua likiwa bado na hasira, na mvua za Oktoba zilipopanda milima hii zilitukuta tumejifungia ndani tunakunywa supu ya bisara yenye mafuta ya zeituni, hatujui kuvu ni mdudu wa namna gani. Kisha kaka yenu Mimoun akaleta hizi mbegu za kigeni. Nami nilizipenda, sisemi uongo tena, nilizipenda. Shina moja linamzidi mtu urefu, lataka nafasi yake peke yake na ndoo yake ya maji, na kichwa chake cha maua kinene kama mkono wa mtoto. Nilikuwa nikisimama katikati ya shamba nawaita majirani wanitafute. Lakini mmea huu mkubwa hauna haraka, hukomaa mvua ikiwa imeshabisha hodi, na maji yakiingia ndani ya kile kichwa kinene hayana njia ya kutokea.

Aliyeuelewa ni Fadma peke yake, mke wa kaka yenu. Mvua ikikatika hata kwa muda wa kunywa glasi ya chai, yeye yuko nje anatikisa shina moja baada ya jingine, anapasua kichwa kilichonona, anatazama ndani, anakata penye ukijivu na kutupa mbali. Akaniambia kwa adabu, "Mama, mvua haiui. Kinachoua ni kukosa hewa. Acha upepo upite." Nikamjibu, "Wewe binti wa wafinyanzi utanifundisha shamba? Nenda kakande udongo." Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na jiko zima likacheka.

Mimoun aliposafiri kwenda Tetouan, nikatoa nailoni nikafunika. Asubuhi Fadma akafungua ncha, nikazifunga. Akafungua tena, nikamwambia akigusa mara ya tatu arudi kwao. Siku ya tano Mimoun akarejea, akafunua shina la kwanza, mvuke ukampiga usoni kama amefunua chungu. Vichwa vyote vilikuwa kijivu ndani, vinanuka kama mkate uliosahauliwa mfukoni. Jasho la mwaka mzima. Akauliza neno moja tu, "Nani?"

Nikasema, "Muulize mkeo, ndiye aliyeacha ncha wazi maji yakaingia."

Fadma akanitazama, wanangu, kama mtu anayengoja mwenziwe amalize kusema. Akangoja. Nami nikainama kukunja nailoni. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na jioni ile alivuka bonde kurudi kwa wazazi wake na kifurushi kimoja. Kabla theluji haijayeyuka Mimoun naye akavuka bahari, na tangu hapo sijasikia sauti yake, sijui ni mzima au samaki wamemla. Mjukuu wangu nimemwona mara moja, kwenye soko la Alhamisi, kwa nyuma tu. Anatembea kama baba yake. Nilijificha nyuma ya magunia ya chumvi mpaka akapita. Allal, wewe uliyekataa kumpa mkono babake Fadma mbele ya watu, chuki ile nilikulisha mimi kwa kijiko. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sasa kinaniumbua, kwani uongo wangu ndio uliokununulia nailoni hiyo, na ndio unaopika shamba lako hivi ninavyosema.

Hatuna kingine. Mbuzi wameisha, shayiri haijai pipa, maji yote ya chemchemi tuliyapa mashina yale kiangazi kizima. Mashina yakioza, mtakula nini mwezi wa theluji? Kwa hiyo ondoeni nailoni kwanza. Kata kamba, usihangaike kufungua mafundo. Kisha Allal, panda nyumbu uende mwenyewe, usitume mtu, umbusu Fadma kichwani mbele ya baba yake na umwambie, "Mama amesema aliyekosa ni yeye mwenyewe, si wewe." Hayo tu. Asipotaka kuja, usimlaumu, ana haki ya kutufungia mlango mpaka Kiyama. Akija, mpeni kisu, na atakachosema kikatwe kikatwe, na atakachosema kiachwe kiachwe. Mikono yake ndiyo inayojua ni kipi bado kizima.

Faqihi, nina theluthi ya mali ninayoruhusiwa kumpa asiyenirithi. Andika ngazi ya kati ya shamba letu la mlimani, pamoja na mti wake wa jozi, ni ya Fadma, arudi asirudi. Zilizobaki gawanyeni kwa sheria, wala Allal usimnyang'anye dada yako chemchemi kwa maneno matamu, nakujua. Na chini ya shayiri kuna mfuko wa ngozi ya mbuzi, humo nimehifadhi mbegu ya beldia ya baba yenu. Ipandeni. Ni fupi, lakini inajua kuondoka kabla ya mvua.

Mila yetu mnaijua, maiti akitoka nyumbani mundu hautoki siku tatu. Nikifa leo na shamba halijakatwa, siku tatu hizo zitamaliza kilichosalia. Basi nawaruhusu, na Faqihi ni shahidi. Nifunikeni shuka, semeni mama kalala, mkakate. Mtanililia baadaye, sitakwenda mbali.

Naogopa, wanangu. Si kufa. Naogopa kumkuta baba yenu aniulize Mimoun yuko wapi.

Allal, bado umekaa? Nenda... Mlango umelia. Ameenda? Haya. Rahma, sogea. Mkono wako una baridi. Radhi zangu mnazo, wewe na yeye, na Mimoun popote... Mungu awafungulie penye kufungwa. Awape mkate msioudanganyia mtu. Na yule mtoto... mwambieni bibi yake alimwona.

Nyamaza kidogo, usilie, nataka kusikiliza. Mvua inagonga nini sasa... majani, au bado nailoni? Niambie, mwanangu. Usinifurahishe. Nyumba hii uongo umeitosha.