Mzee Twalib Mwinyijuma, Mvuvi Aliyepanda Majani

Assalamu alaykum, ndugu waombolezaji. Mzee wetu Twalib bin Mwinyijuma alizaliwa Dunda, Bagamoyo, tarehe 12 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa mvuvi. Alisoma chuoni Kurani, kisha shule ya msingi hapo hapo mjini, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Hesabu zilimshinda, na hakulificha hilo.

Alivua na baba yake hadi mwaka 1979, alipomuoa Bi Chausiku wa Fukayosi akahamia ukweni kulima mananasi. Watani zake wa huko walimcheka mpaka juzi: "Mvuvi gani anayetega nanasi?"

Kama wenzake wote, alipanga mistari ya mananasi kufuata mteremko hadi ukingoni mwa mto, maji yapite upesi, mizizi isioze. Maji yalipita kweli, na udongo yakaondoka nao. Mwaka 2021 serikali ilipotoa fedha za kulinda matumbawe kwa kuwafundisha wakulima kukinga udongo, kijiji kilishangaa. Matumbawe na nanasi wapi na wapi? Ndipo mdogo wake Maulidi, baba yangu mimi, mvuvi wa pweza, akaja Fukayosi na ndoo ya tope alilolichota juu ya matumbawe. Akaitua barazani. "Kaka, shamba lako hili. Nimekurudishia."

Mzee alicheka. Lakini wiki ile ile alijiandikisha kwenye mafunzo hayo, akageuza mistari ikate mteremko, na pale ukingoni, penye rutuba kuliko kote, akapanda majani ya kushika udongo. Watu walimwona kapungukiwa. Leo wengi wamemfuata, na baba anasema tope limepungua, pweza wameanza kurudi kwenye matumbawe.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Kufa hakukuogopa, aliogopa mirathi: shamba likigawanywa, majani yatang'olewa. Aliwaomba wanawe ukingo ule uwe wakfu. Wakanyamaza, maana ndipo pangetoa mavuno mengi kuliko kote. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, magharibi, akiwa bado anangoja jibu. Hilo limetuuma sana.

Ameacha mjane, Bi Chausiku, watoto watatu, Sufiani, Adila na Hajra, na wajukuu saba. Asubuhi hii, kabla mwili haujaoshwa, watoto wamekaa na mama yao, nami Mikdad nimetumwa niseme mbele yenu nyote: Baba mkubwa, wamekubali. Ukingo ni wakfu, haugawanywi. Mola akupokee kwa rehema zake, ulale umetulia.