Ukoo wa Nyaya na Ruhusa Asiyopewa Kaka Yetu

Ndugu waombolezaji, sauti mlizosikia pale mlangoni zilikuwa za mdogo wake marehemu, ndiye huyu anayewasomea, na za mkuu wa ofisi ya marehemu, aliyeleta karatasi iliyochapwa vizuri, akitaka tusome kwamba kaka yetu "alichagua kubaki kazini kwa mapenzi yake", tukamwambia, mzee, leo hatupambi mtu, tutasoma yaliyotokea, kaa usikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza mkaa, akamaliza sekondari mwaka 1990, na ufundi akajifunza kwa kufungua redio za majirani, nyingine zikarudi zinaimba, nyingine zikarudi vipande vipande kwenye mfuko.

Mwaka 2001 aliajiriwa kwenye chumba cha mitambo, chumba kisicho na dirisha, baridi ya kuvaa sweta hata nje jua likiwaka, kazi yake ikiwa kuunganisha seva, yaani kompyuta kubwa za ofisi, na makabati ya diski yanayotunza kumbukumbu zake, kwa nyaya za faiba, za uzi wa kioo, ambazo ukizikunja vibaya zinakatika ndani kwa ndani huku nje zikionekana nzima, na kila seva ilitakiwa iwe na njia mbili za kufikia diski, moja ikifa nyingine ishike.

Ili asichanganyikiwe, akabandika majina ya ukoo, kabati la diski akaliita Babu, swichi mbili za katikati, zinazopitisha nyaya hizo, Baba na Mama, seva zikawa Wajukuu, kila mjukuu anafika kwa babu kupitia kwa baba au kwa mama, ofisi nzima ikacheka, lakini mitambo iliongezeka, wakaja mashemeji, mawifi na wakwe, ikawa anayejua nani kaoa wapi ni yeye peke yake, na hapo kaka alijifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, tusimsingizie mtu.

Ila ufunguo walichukua wengine. Alipoomba kuondoka, akafungue karakana ya redio barazani kwake, aliambiwa, "Fundi, fundisha mrithi kwanza, kisha uende zako," akafundisha wa kwanza, mrithi huyo akahamishiwa tawi jingine, akafundisha wa pili, naye hivyo hivyo, akaomba basi aandike vibandiko upya kwa majina ambayo kila mtu angeyaelewa, akajibiwa mitambo haizimwi, wateja watasemaje.

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, akaitwa kazini hata picha za harusi hazijapigwa, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji alikuwa akimtania, "Seva zako zina njia mbili kila moja, wewe mume wangu hata moja huna," naye anacheka, anavaa sweta, anaondoka.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, simu ikalazwa naye, akawa anaelekeza kitandani, "Mchomoe Shemeji, Wifi usimguse, nimesema usimguse!", hadi mgonjwa wa pembeni akadhani ni ugomvi wa mirathi, na alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu asubuhi, mchana simu ya ofisi ikaita, binti yake mkubwa akapokea, akaulizwa kama baba kaacha maelekezo.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyemnyang'anya simu akaificha mfukoni ili mtu apate usingizi, tunawashukuru majirani kwa maji, viti na kutupikia, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, ninyi hatuna neno nanyi.

Neno letu ni kwako, mkuu. Leo, hapa hapa msibani, umemuuliza binti yetu kama Jumatatu anaweza kuja kukusomea vibandiko vya baba yake, haji, wala mdogo wake haji, kateni nyaya zenu muanze upya. Kaka, "pumzika kwa amani" tutakuambia mkuu huyu akishatoa kilicho chako. Mkuu, ruhusa aliyokuomba tunaidai sasa, simama hapa mbele ya jeneza, useme kwa mdomo wako kwamba umemwachia aende.