Shimo la Mzee Kuwabara

Kwenye treni ya kwenda Kyoto, dada mmoja mfanyakazi wa ofisi alitumbukia shimoni kwa mara ya tisa katika gemu ya kuruka iliyokuwa kwenye simu yake. Akasonya. "Aliyechora shimo hili hana utu."

Mzee Kuwabara, aliyeketi kando yake, alijikaza vituo viwili, kisha akashindwa. "Nililichora mimi, binti. Kwa penseli, kwenye karatasi ya miraba. Rudi nyuma, ukimbie kwanza."

"Babu, hapa mwanzoni wameandika aliyechora ni Tofu Baridi."

"Kampuni ya gemu ilitukataza kuandika majina yetu, tukajipa ya utani; mimi nikajipa la chakula cha soya."

"Basi hata mimi ni Tofu Baridi."

Hata hivyo alirudi nyuma, akakimbia, akavuka. Treni ikasimama, mzee akashuka.

"Babu Tofu, na shimo linalofuata?"

Akageuka, kifua mbele. "Hilo ndilo nililolichora nikiwa na hasira."

Mlango ukajifunga.